Injini Iliyofunguliwa Matangani

Tulipomaliza kumzika shangazi yangu, watu walirudi nyumbani kunawa mikono na kula bukari, ugali wetu, na Papa Selestini, mdogo wake marehemu baba, akanijia moja kwa moja kando ya gari akiwa ameshika kofia. Alikuwa amekonda, koti limemzidi mabega. "Ngalula," alisema, "unipeleke kwa mutoto yangu, njia ya Kasapa. Miguu haina tena nguvu." Gari ni la mama, siku hiyo nilikuwa nimeliazima. Nikamfungulia mlango wa kushoto. Asiyelijua jiji letu inafaa ajue kwamba Lubumbashi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi yameingilia mpaka wa Zambia na usukani wake uko kulia pia. Dereva anakaa ukingoni, karibu na mtaro, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa hiyo kiti hicho kina kazi. Ukikikalia unanyoosha shingo, unachungulia, kisha unasema "inakuya," yaani gari linakuja, au unasema "pita," na uhai wa wote waliomo uko mdomoni mwako. Papa Selestini aliketi, akapapasa dashibodi kwa kiganja kama mtu anayempapasa mbuzi sokoni, akauliza bila kunitazama: "Njo ile gari?" Nikasema ndiyo, njo ile. Nikawasha, na injini ikaitika mara moja, kama ilivyoitika mwaka ule mbele ya ukoo mzima.

Habari za ukoo wetu, za Kasai na treni na babu aliyeshuka na sanduku la mbao, nitaziacha. Kila familia ya mtaa wetu wa Bel-Air inazo. Nitasema tu kwamba nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, idara ya barua, yaani fasihi, ninaandika hadithi mbaya nyuma ya karatasi za kozi, baba alipofariki ghafla katikati ya mvua. Nyumba yetu ikageuka nyumba ya kilio. Viti vilitolewa sebuleni, mkeka ukatandikwa, na mama akaketi juu yake katika gauni jeusi, kwa miezi, mpaka ukoo utakapokutana kiangazi kumvua kilio na kuamua kuhusu mali. Kwa desturi ya kwetu mjane haruhusiwi kufanya kazi, haruhusiwi kugusa vitu vya mume, haruhusiwi kumpa mtu mkono. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilifunikwa shuka jeupe pale kona, na kila nilipoingia nilishtuka kana kwamba kuna maiti ya pili. Nilimwona mara nyingi akipiga hesabu ya pindo hewani, kidole gumba na cha shahada vikitembea juu ya kitambaa kisichokuwepo. "Mikono yangu itaoza kabla ya miye mwenyewe," aliniambia siku moja, polepole, ili shangazi asisikie.

Shangazi ndiye aliyewekwa kulinda desturi. Kwa Kiluba tunamwita tatu mukaji, yaani baba wa kike, maana dada wa baba ni baba pia, ila amevaa kitenge. Alikuwa mkubwa kuliko baba na kuliko Papa Selestini, mnene, mkimya, mwenye kikohozi kilichojulisha anatoka chumba gani kwenda chumba gani. Alilala kwenye godoro kando ya mama. Mimi nilimchukia, na nilimchukia kwa bidii, kwa sababu chakula alichokula nilikipika mimi na mtu aliyemlinda alikuwa mama yangu. Papa Selestini hakuhitaji kulala kwetu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu na kati yetu palikuwa na ukuta mmoja wa matofali, mfupi wa kutosha kupitisha kila neno.

Gari lilikuwa uani, chini ya turubai, limekufa. Ndivyo walivyosema. Wiki ya mazishi Papa Selestini alichukua ufunguo mfukoni mwa baba na kutaka kuondoka nalo, na kabla hajafika mwisho wa mtaa moshi mzito wa bluu ukafunika kila mtu. Akaleta fundi rafiki yake. Fundi alitazama, akapaka silikoni nyekundu kila mahali, akakaza boluti za juu ya injini kwa nguvu zake zote, mguu mmoja juu ya bampa. Tukasikia kitu kikilia, ta, kama kikombe cha plastiki kinachokanyagwa. Moshi ukawa mara mbili. Wakalisukuma likarudi uani, Papa Selestini akaondoka na ufunguo, akaonya mafundi wa mtaa mzima kwamba atakayegusa gari la marehemu kabla ukoo haujakaa atakuwa na kesi naye.

Mchana mmoja tulikuwa jikoni, mama anasonga bukari kwa ruhusa ya shangazi, na sauti ilipanda juu ya ukuta. Papa Selestini alikuwa akimweleza mgeni mipango yake, kwa utulivu, kinywaji mkononi bila shaka. "Tutaanza na gari. Gari iko rahisi, imekufa, hakuna mutu atabisha. Wakizoea, kiisha nyumba. Mwanamuke atarudia kwa bandugu yake."

Mwiko wa mama haukusimama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kula."

Sheria ya nchi ilikuwa upande wetu. Nilikuwa nimeisoma maktabani chuoni Kasapa, nikiwa nimenuna. Papa Selestini hakuwa ameisoma, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nilipomwambia mama kuhusu sheria alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima aliyowapa wateja wanaoleta picha ya gauni lisiloshoneka, kisha akalishika pindo la gauni lake jeusi na kuniwekea vidole vyangu juu yake. Ndani palikuwa na kitu kigumu. Ulikuwa ufunguo wa pili. Alikuwa ameushonea humo kwa sindano ya mkono siku ya kwanza ya kilio, wakati wanawake wakimshika mabega na kumsihi asizimie. "Haikuwa kuzimia," alisema. "Nilikuwa natafuta uzi mweusi." Akaongeza kwamba gari ambalo linatembea haliwezi kukokotwa kwa kamba, na wakishindwa kuanza na gari hawatakuwa na pa kuanzia. Nimeishi na wasomi wengi tangu siku ile na sijasikia mpango uliopangwa vizuri zaidi.

Sitasema tulikuwa na ujasiri. Tulikuwa na hasira, na hasira ina mikono. Kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka nilipata video ya mwanamume mmoja anayetengeneza gari la aina ile ile, akizungumza lugha ambayo hatukujua hata jina lake. Tulizima sauti na kutazama vidole. Alifungua boneti, akatoa buji, yaani plagi, na nyaya, akang'oa kifuniko kikubwa cheusi kilicholala juu ya injini. Kifuniko hicho ndicho kinachozuia mafuta yasiruke nje. Mafundi wetu wanakiita kwa Kifaransa, cache-culbuteur, na wanalimeza neno hilo mpaka linabaki "kashi". Chetu kilikuwa cha plastiki, mpira wa ukingoni mwake ulikuwa umechakaa ukivujisha mafuta, na chenyewe kikapasuka pale fundi alipokikaza. Mafuta yalichuruzika juu ya bomba la moshi lililokuwa moto, yakaungua. Injini yenyewe haikuwa na ugonjwa. "Kumbe walimuzika mutu mwenye mafua," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua nikasikia anacheka, puani.

Kifuniko nilikipata kwa wauza vipuri vya magari yaliyotumika, na malipo yalikuwa vitambaa vya viti ambavyo mama angemshonea muuzaji kilio kitakapokwisha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye meno mazuri na mdomo usiochoka. "Dada, kashi hii iko ya gari ya bwana?"

"Ya mama."

"Mama iko fundi?"

"Mama iko mujane."

Akaingia ndani, akatoka na kifuniko kingine kisicho na mkwaruzo, na joint mpya, ule mkanda wa mpira unaokaa ukingoni. Nilibeba vyote kwenye mfuko wa vitabu, katikati ya watu waliodhani natoka mtihani.

Tulianza mchana shangazi anapolala baada ya kula. Kiangazi kilikuwa kimeingia. Vumbi jekundu lilikaa juu ya turubai na hewa ilikuwa kavu na baridi hata jua likiwa kichwani. Mama alivaa kanga yangu juu ya gauni jeusi, akapiga magoti juu ya kreti la bia mbele ya gari. Ningependa wasomaji wangu wamwone, maana katika vitabu vya kwetu wajane wanalia tu. Alizungusha spana kwa subira, boluti moja baada ya nyingine, akiipanga kila moja kwenye ubao wa kukatia vitambaa, kwa mpangilio ule ule ilivyokaa kwenye injini. Kifuniko kiliponyanyuka tukaona ndani, vyuma vimelala safu safu, vimepakwa mafuta ya rangi ya asali iliyoungua. Tukaziba mashimo kwa vitambaa visafi ili vumbi lisiingie. Kisha kazi ndefu ikaanza, ya kutoa ile silikoni nyekundu. Ilikuwa imegandamana kila pembe. Mama alitumia ncha ya kifumulio, kile anachofumulia mishono mibaya ya wanafunzi wake, na alikuwa akiguna kwa dharau ile ile. "Mutu hajue kushona, anapaka gundi."

Tukasikia sauti ya Papa Selestini langoni. "Hodi. Hodi kwa mujane."

Nilishusha boneti na kuvuta turubai. Mama alikimbia kwa mlango wa nyuma, na nilipofika sebuleni alikuwa amekwisha kuketi mkekani, kanga imepotea, kichwa kimeinama, mikono miwili iliyojaa mafuta meusi hadi kiwiko imezama chini ya gauni. Papa Selestini aliingia na rafiki wa kanisani. Rafiki yule, mtu mwema, akainama na kunyoosha mkono kumpa mama pole.

"Baba," shangazi alisema kutoka kwenye godoro, amefumba macho bado, "mujane hapewake mkono. Kwenu hamujue desturi?"

Yule mtu akarudisha mkono haraka, akaomba radhi. Papa Selestini akakohoa kwa aibu. Walizungumza kidogo juu ya turubai zitakazokodiwa siku ya kuvua kilio na mtu mwenye lori atakayeleta kamba, wakanywa maji, wakaenda. Shangazi aliwasikiliza mpaka lango likafungwa. Kisha akafumbua macho.

"Inanuka mafuta," alisema. "Inanuka toka juzi. Toa mikono, Mama Ngalula."

Mama akaitoa. Ilikuwa inang'aa. Hakuinama tena, alimtazama shangazi usoni, jambo ambalo desturi pia inalikataza, na nikaenda kusimama nyuma yake, sijui kwa faida gani. Shangazi aliitazama mikono ile. Ndipo akatuambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kutuambia, kwamba alipofiwa na mumewe kule Sakania, ambako mume huyo alifanya kazi ya reli, mashemeji waliingia na kubeba kila kitu. "Walibeba mpaka masufuria. Moja ilikuwa juu ya moto, na maharagwe ndani. Walimwaga maharagwe chini, wakaenda nayo ya moto vile vile, wanashika na shati." Alikohoa. "Selestini alinikuta kule, akanirudisha hapa. Alisema, yaya, dada yangu mkubwa, njo desturi."

"Utamwambia?" mama aliuliza.

"Miye niko baba yenu hapa, baba mwanamuke. Lakini mbele ya wanaume sauti yangu hawaisikiake. Wananisikia tu nikilia." Akajivuta akaketi. "Imebakia nini ku ile gari?"

Kuanzia siku hiyo tulikuwa watatu. Shangazi aliketi kwenye kiti kidogo kando ya lango, akimenya karanga, na kikohozi chake kikawa kengele yetu. Mama aliulaza mkanda wa mpira kwenye mfereji wa kifuniko kipya kama anavyolaza utepe kwenye kola, bila kuuvuta, akiusukuma kwa kidole hadi ukajaa. Tukatoa vitambaa kwenye injini, mama akavihesabu kimoja kimoja, na tukakishusha kifuniko mahali pake. Zikabaki boluti. Nilizikaza mimi. Niliogopa mafuta yasije yakatoka tena, nikaanza kuegemea spana kwa uzito wote, mama akanipiga mkono. "Unafunga mulango ya mwizi? Hii njo kiuno ya sketi. Ukivuta upande moja, upande ingine inapanda." Tukaanza katikati, tukaenda nje, kidogo huku, kidogo kule, tukarudia, kwa vidole viwili tu juu ya spana. Ile nguvu ya mguu kwenye bampa ndiyo iliyokuwa imevunja, na nilipoiona mikono ya mama ikiacha kukaza kabla ya mimi kutaka kuacha, nilijifunza kitu kuhusu sentensi ambacho sikufundishwa Kasapa. Lakini siku hiyo sikufikiri juu ya sentensi. Nilifikiri juu ya ukuta. Ilitupasa kuwasha injini ili tujue, na nyuma ya ukuta Papa Selestini alikuwa nyumbani. Tulisikia redio yake.

Shangazi akapangusa maganda ya karanga mapajani. Akasimama uani, akafunga kitenge kiunoni, akaweka mikono kichwani, na akalia. Mimi niliwahi kusikia vilio, lakini siyo kile. Alimwita baba kwa majina yake yote, na ya babu, na mito ya Kasai, sauti yake ikipanda kutoka mahali palipokuwa pamefungwa tangu Sakania, na chini ya sauti hiyo mama akafumua pindo, akaingiza ufunguo, akawasha. Gari likatetemeka. Likakohoa. Likashika. Jirani mmoja aliingia mbio kwa kudhani tumefiwa tena, akiwa na unga mikononi. Akatazama gari, akamtazama shangazi, akatazama mikono ya mama. Alisimama kando ya shangazi na kuanza kulia naye, akifuatwa na mwingine, mpaka ua ukajaa wanawake wanaolia kwa sauti kubwa na macho makavu, huku injini ikinguruma katikati yao, na mimi nimelala kifudifudi juu ya boneti nikitafuta moshi. Hapakuwa na moshi.

Siku ya kuvua kilio mtu wa kamba alifika mapema na kuzunguka gari akichagua pa kufunga. Ukoo uliketi chini ya turubai za kukodi, wanaume mbele. Papa Selestini alizungumza vizuri. Siku zote alizungumza vizuri. Alimsifu kaka yake, akamshukuru mjane kwa uvumilivu, akasema mambo makubwa yatasubiri, leo waanze na hili dogo. "Gari imekufa. Tutaiondoa hapa, isimuletee Mama Ngalula huzuni."

"Gari haiyakufa," mama alisema.

Watu waligeuka. Mjane hazungumzi katika kikao hicho.

Papa Selestini alicheka kwa upole, akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza. "Utaiwasha na nini?"

Mama aliinama, akalishika pindo la gauni jeusi, alilokuwa amelishona upya, akaukata uzi kwa meno. Ufunguo ulimwangukia kiganjani mbele ya wote. Alivuka kati ya viti vya wanaume, akaketi nyuma ya usukani, akawasha, na mtu wa kamba akaruka pembeni. Wote walitazama nyuma ya gari, wakisubiri ule moshi wa bluu. Walisubiri sana. "Ngalula," mama aliniita, "kuya. Wewe iko macho yangu." Nikakimbilia kiti cha kushoto. Papa Selestini alikuwa amesimama langoni, miguu wazi, na hakusogea. Mama hakupiga honi. Aliacha injini izungumze. Ndipo shangazi, aliyeketi na wanawake, akaweka mikono kichwani polepole, kama mtu anayejiandaa kulia, na wanawake wote wa mtaa wakaweka mikono kichwani pamoja naye. Papa Selestini akawatazama, akatutazama, akasogea. Tulienda kanisani, kwenye misa ya kuvua kilio, mama bado kwenye gauni jeusi lenye pindo lililochanika, akiendesha kama mtu anayepita juu ya mayai, na mimi nikisema inakuya, inakuya, pita. Kuhusu nyumba hakuna aliyeleta neno siku ile, wala baadaye. Bado tunaishi humo.

Njia ya Kasapa ilikuwa na foleni ya malori siku tulipomzika shangazi. Papa Selestini alisubiri tupite reli, ndipo akauliza.

"Ule mwaka, nani alitengeneza hii gari? Nilitafuta ule fundi mu mitaa yote. Nilitaka kumupiga."

"Mama," nikasema. "Na miye. Na Tatu Mukaji alilia, usisikie injini."

Aliigeuza kofia mapajani. "Ile siku yaya alilia sana?"

"Ile siku."

"Nililia na miye," alisema. "Nyuma ya ukuta. Nilifunga redio, nikalia."

Nimewahi kuandika watu wabaya ambao mwishoni wanasamehewa, na wasomaji wananishukuru. Huyu sikumsamehe. Nilimwonea huruma kidogo, na huku nikimwonea huruma niliugusa ufunguo kuhakikisha uko mahali pake. Mbele yetu lori la shaba lilikuwa linatambaa, pana kama nyumba, na kwangu mimi dunia yote ilikuwa mgongo wake.

"Papa mudogo," nikamwambia, "umekaa ku kiti ya kazi. Angalia."

Akanyoosha shingo yake nyembamba dirishani.

"Inakuya," akasema. Basi dogo likapita likivuma. "Inakuya tena." Nikangoja, vidole viwili juu ya usukani, bila kukaza. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa pale, kisha akarudi ndani.

"Pita," akasema, na nikapita.